Uzi: Mwalimu wa lugha ya kigeni anageukaje mtafiti na mwandishi? Mbona hapa Uganda wengi huishia kwenye kalamu nyekundu?

#1 Kalamu_Nyekundu
Wakuu, salaam. Naleta hoja, mawe yarusheni taratibu.

Darasa moja la S.2 (mwaka wa pili wa sekondari) lina wanafunzi 48. Kila mmoja anaandika insha mbili kwa muhula, maneno kama 150 kila moja. Hayo ni maneno 14,400. Mwalimu mwenye mikondo mitatu anapitisha macho kwenye maneno 43,200 ya watu wanaojifunza lugha, neno kwa neno, na hakuna profesa wa isimu anayepata nafasi hiyo. Kisha nini? Anatia wino mwekundu, anarudisha karatasi, na miezi miwili baadaye karatasi hizo zinafungia rolex (chapati na mayai) kando ya barabara.

Hoja yangu: kinachowazuia walimu wa Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu, Kichina na Kiswahili kuwa watafiti si kukosa uzamili. Ni kwamba tunarudisha data bila kubaki na nakala. Bisheni.

#2 Mkaguzi_Mstaafu
Nabisha. Kikwazo ni tumbo. Mwaka 2022 mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada ulipandishwa hadi shilingi milioni 4. Wa sanaa alibaki kwenye milioni moja na kidogo, na Juni mwaka huohuo wakagoma. Mwalimu wa lugha yuko upande wa sanaa. Anafundisha shule mbili, Jumamosi ana kituo cha masomo ya ziada. Hizo nakala atazisoma saa ngapi, usingizini?

#3 Chai_na_DELF
Swali dogo tu: tangu lini Kiswahili kikawa lugha ya kigeni hapa? 😀

#4 Bombo_Road
#3 usituharibie uzi mapema. Kikatiba ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na mtaala mpya wa 2020 umekiweka kuwa cha lazima S.1 na S.2. Lakini mtoto wa Masaka anakutana nacho darasani kama mwenzake anavyokutana na Kijerumani. Ukija Bombo au Arua, ambako kinasikika mitaani, ni habari nyingine. Kwa mtafiti hilo ni jambo kubwa kweli: "mwanafunzi wa Kiswahili Uganda" si kundi moja. Tuendelee.

#5 Ngeli_ya_Tisa
#1 yuko sahihi nusu. Nakala peke yake haitoshi, namna ya kuitunza ndiyo shughuli. Wengi huharibu hapa:

Piga picha KABLA ya wino mwekundu. Ukishasahihisha, alama zako zinaziba herufi za mwanafunzi, na baada ya wiki mbili hutajua kama ile "r" aliiandika yeye au wewe. Karatasi iwe mezani karibu na dirisha, isishikwe mkononi.

Badala ya jina weka nambari, mfano S2B-017-01, yaani mkondo, mwanafunzi, insha. Daftari linaloonyesha nambari ipi ni ya nani likae mbali na picha.

Kuchapa kwenye kompyuta: andika makosa yalivyo. Akiandika "apa" acha "apa", akiandika "balua" acha "balua". Zima kirekebisha tahajia kabla hujaanza, maana kitakusahihishia kimyakimya na utakuwa umefuta matokeo yako mwenyewe. Insha ya maneno 150 yenye mwandiko wa kawaida inakula dakika 9 hivi. Insha 96 ni saa 14 na zaidi. Ukichapa dakika 40 kwa siku, umemaliza ndani ya wiki nne.

Hifadhi kama maandishi matupu, kila insha faili lake. Ukiingiza kwenye AntConc (programu ya kutafuta maneno kwenye matini, ni ya bure, inakubali kompyuta kongwe), unaandika "inakuja" na inakuletea kila mahali neno lilipotokea pamoja na maneno ya jirani zake.

Na uulize lugha ya NYUMBANI, usiulize kabila. Msoga aliyekulia Kampala anaweza kuwa anaongea Luganda kutwa nzima. Ukiandika kabila, uchanganuzi wako wote umeoza tangu mwanzo.

#6 Wakili_wa_Sarufi
Ngoja kidogo, #5. Umeruka hatua inayowaangusha wengi. Huwezi kukusanya leo na kuomba ruhusa mwakani.

Kama unataka kuboresha somo lako tu, hiyo ni kazi yako ya kila siku. Ukishakusudia kuchapisha, ni utafiti unaohusu watu, tena watoto. Barua ya mkuu wa shule haitoshi. Pendekezo lako linapitia kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa na UNCST (Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia), halafu utafiti unasajiliwa UNCST kwenyewe. Vyuo vikuu kadhaa vina kamati hizo. Kwa walio chini ya miaka 18 unahitaji ridhaa ya mzazi NA mwanafunzi mwenyewe akubali. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 nayo inakuhusu, kwa sababu ile picha ya karatasi yenye jina ni taarifa binafsi.

Tatizo lingine ni cheo chako. Wewe ndiye unayetoa alama, mtoto atakukatalia vipi? Dawa yake: fomu azikusanye mtu mwingine, azifunge kwenye bahasha, wewe uzifungue baada ya alama za muhula kutoka. Andika utaratibu huo kwenye pendekezo, kamati itauliza tu.

#7 Mkaguzi_Mstaafu
Na kamati inatoza ada. Narudi palepale: tumbo.

#8 Wakili_wa_Sarufi
Inatoza, sikatai. Ndiyo maana watu hushirikiana watatu au wanne kwa pendekezo moja, shule tatu, ada moja.

#9 Kijana_wa_Arua
Asanteni, nafuatilia. Ila mimi bado sioni: nikishakuwa na insha 96 kwenye kompyuta, makala inatoka wapi? "Wanafunzi hukosea" si habari.

#10 Ngeli_ya_Tisa
Swali zuri, #9. Chukua kosa MOJA. Si "makosa ya wanafunzi wa Kiswahili wilayani fulani", mada hiyo imechoka na wahariri wameichoka. Mfano: "mbwa inakuja". Kila mwalimu hapa ameliona.

Maelezo ya haraka ni Luganda. Mganda husema "embwa ejja", kitenzi kinafuata ngeli ya neno, hakijali kwamba mbwa ni mnyama mwenye uhai. Kiswahili Sanifu kinasema "mbwa anakuja" kwa sababu uhai unashinda ngeli. Basi mwanafunzi amehamisha kanuni ya nyumbani. Imekwisha, makala tayari.

#11 Kijana_wa_Arua
Haijaisha hata kidogo 😂 Walugbara na Waacholi hawana ngeli za namna hiyo kabisa, na "mbwa inakuja" wanaisema vilevile. Wamehamisha nini?

#12 Chai_na_DELF
Kiingereza! Kinawafundisha kwamba mnyama si "yeye". Shule nzima inaendeshwa kwa Kiingereza, mnatarajia nini?

#13 Bombo_Road
Wala. Ni Kiswahili cha sokoni na kambini. Hicho "i-" kimemeza ngeli nyingi: gari inakuja, kitabu inaanguka, mbwa inakuja. Mtoto hajakosea, amesema kama anavyosikia kwa makanga na askari. Mwalimu ndiye anaita kosa.

#14 Shangazi_Sarufi
Na hakuna anayewalaumu waandishi wa vitabu? Fungueni kitabu chochote cha S.1. Ngeli ya I-ZI inaletwa kwa "nyumba inaanguka, nguo inakauka", mazoezi kumi. Wiki tatu baadaye ndipo unakuja mstari mmoja: "lakini wanyama hutumia A-WA". Mtoto keshakariri. Larry Selinker alipoeleza lughakati (lugha ya mpito ya anayejifunza) mwaka 1972 alitaja michakato mitano, na mmojawapo ni huo: kosa linalotokana na namna ulivyofundishwa. Tunapenda kusingizia lugha ya mama kwa sababu lugha ya mama haiwezi kutujibu.

#15 Ngeli_ya_Tisa
Sasa #9 umejibiwa na wenzako bila wao kujua. Maelezo manne yanayogombana kuhusu kosa moja: HIYO ndiyo makala. Kazi yako ni kutafuta sentensi zitakazoyatenganisha.

Weka majina ya aina nne: mbwa (mnyama, umbo la N), kifaru (mnyama, umbo la KI), kitabu (kitu, KI), nyumba (kitu, N). Kila moja kwa umoja na kwa wingi.

Kama ni Luganda, "kitabu" kitakuwa salama, maana Mganda ana "ekitabo" na ki- yake anaijua. Mbwa wengi watakuwa "zinakuja", kwa kuwa kwao ni "embwa zijja".
Kama ni Kiswahili cha sokoni, "kitabu inaanguka" itajaa, na wingi nao utavurugika.
Kama ni Kiingereza, umoja utaharibika ila wingi utapona, kwani kule wingi ni neno moja kwa watu, wanyama na vitu. Mbwa wengi watakuwa "wanakuja", na pengine utaona kioja cha "vitabu wanaanguka".
Kama ni kitabu cha kiada, mbwa wataharibika umoja na wingi, vitabu na nyumba vitakuwa sawa.

#16 Kijana_wa_Arua
Banange. Umeua.

#17 Wakili_wa_Sarufi
Haijafa. Utabiri wa kwanza na wa mwisho wa #15 unafanana: mbwa inakuja, mbwa zinakuja, kitabu salama. Utautenganishaje Luganda na kitabu cha kiada?

#18 Ngeli_ya_Tisa
Kwa darasa la Arua au Gulu linalotumia kitabu kilekile. Kosa likiwa na nguvu sawa kule ambako nyumbani hakuna ngeli, Luganda imepoteza kesi. Na kifaru pia anasaidia: Luganda haimpi mwanafunzi sababu ya pekee ya kukosea hapo kuliko kwa mbwa, lakini kitabu kilichomzoesha KI-VI kitampa "kifaru kinakunywa".

#19 Bombo_Road
Arua watoto wanasikia Kiswahili sokoni kuliko Gulu. Umebadilisha vitu viwili kwa mpigo.

#20 Ngeli_ya_Tisa
Basi Gulu na Masaka. Na uulize wanasikia Kiswahili wapi. Hilo sina jibu lake kamili.

#21 Takwimu_Tamu
Niingie kwenye hesabu, kwa sababu naona watu wataharibu.

Kwanza, jedwali la ukubwa wa sampuli la Krejcie na Morgan la 1970. Kila tasnifu nchini humu ina "wanafunzi 200, sampuli 132". Jedwali lile ni la kukadiria asilimia katika kundi kubwa kwa watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Kama unalo darasa zima na unachambua insha zote, huna haja nalo. Kuliweka ili kupendezesha sura ya tatu, ile ya mbinu, ni kumwonyesha mhakiki kwamba hujui linafanya kazi gani.

Pili, usihesabu makosa kwa ukurasa. Hesabu nafasi. "Makosa 52" ni takataka mpaka useme 52 kati ya nafasi 80 ambapo upatanisho wa mnyama ulihitajika. Hapo unapata 65%.

Tatu, mwanafunzi mjanja huikwepa. Jacquelyn Schachter mwaka 1974 alionyesha Wachina na Wajapani wana makosa machache ya vishazi rejeshi vya Kiingereza (kama "the man who came") kuliko Waarabu na Waajemi. Si kwa sababu wanavijua, bali hawavitumii. Insha huru pekee zitakudanganya. Ongeza zoezi la kujaza pengo au la picha.

Nne, mtu wa pili aweke alama bila kuona zako. Usiripoti "tulikubaliana 80%" ukafurahi. Tuseme sentensi 100: wote wawili mmesema "kosa la ngeli" mara 45, wote mmesema "si la ngeli" mara 35, wewe peke yako ndiyo 15, yeye peke yake 5. Makubaliano 0.80. Lakini wewe umesema ndiyo mara 60 na yeye 50, kwa hiyo kwa bahati tu mngekubaliana 0.60 × 0.50 + 0.40 × 0.50 = 0.50. Kappa ya Cohen, yaani makubaliano ukishaondoa ya bahati, ni (0.80 − 0.50) ÷ (1 − 0.50) = 0.60. Si mbaya, si ya kujivunia. Kaeni chini, andikeni upya maana ya "kosa la ngeli", mrudie.

#22 Mkaguzi_Mstaafu
Ndiyo maana nilistaafu.

#23 Chai_na_DELF
Kwa upande wa Kifaransa mantiki ni ileile, na ni rahisi zaidi: jinsia ya nomino. Usiandike "wanafunzi hukosea le na la". Tenga nomino ambazo mwisho wake unatoa dalili (-tion huwa ya kike, -age kwa kawaida ya kiume) na zisizotoa. Wakifaulu za kwanza na kuanguka za pili, wamejifunza dalili, hawajakariri kamusi. Hapo una jambo la kusema.

#24 Kijana_wa_Arua
Nikishapata matokeo, napeleka wapi? Nimesikia TUKI wana jarida.

#25 Shangazi_Sarufi
TUKI ni ya zamani mdogo wangu, tangu 2009 ni TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Majarida yao ni *Kiswahili* na *Mulika*. Jarida la Swahili Forum lipo mtandaoni, kusoma ni bure. Njia nyepesi zaidi ya kuanzia ni kongamano: vyama vya Kiswahili huyaandaa, CHAKAMA kwa Afrika Mashariki, CHAUKIDU kwa dunia. Dakika 15 mbele ya watu 20 wanaojua, maswali yao yaandike yote. Hao ndio wahakiki wako wa kwanza.

Kabla ya kutuma, soma makala tatu za mwisho za jarida lenyewe. Wanatumia mtindo gani wa marejeleo? Ikisiri ya lugha ngapi? Maneno mangapi? Makala nyingi hurudi kabla hata ya kufika kwa mhakiki kwa sababu ya mambo haya madogo. Halafu jina lako, maana mhakiki hatakiwi kukujua: kulifuta chini ya kichwa hakutoshi, limo kwenye sifa za faili, na limo kwenye "kama nilivyoonyesha katika tasnifu yangu".

Na tasnifu si makala! Tasnifu ya kurasa 120 ina makala mbili, pengine tatu. Ukiibana yote iingie maneno 6,000 unapata muhtasari wa sura tano, usio na hoja. Chukua swali moja la utafiti, mapitio ya machapisho yanayohusu swali hilo tu, data za swali hilo tu.

#26 Wakili_wa_Sarufi
Onyo la matapeli. Barua pepe inayokuita "Mheshimiwa Profesa", inayoahidi kuchapisha ndani ya siku 3 na kutaja dola kabla ya kutaja uhakiki: futa. Angalia kama jarida limo DOAJ au AJOL, orodha za majarida mtandaoni, kisha ufungue makala mbili uone kama zimehaririwa. Kuna orodha ya Beall ya majarida ya kitapeli pia.

#27 Takwimu_Tamu
Ya Beall ilifungwa 2017, nakala zinazozunguka zimepitwa na wakati. Na kutokuwemo AJOL si ushahidi wa utapeli, majarida mengine halali ya vyuo hayana mtu wa kuyasajili.

#28 Wakili_wa_Sarufi
Nimesahihishwa.

#29 Msanii_wa_Kiada
Mnaongea kana kwamba mwandishi ni makala tu. Walimu wengi hapa watakuwa waandishi kwa vitabu vya hadithi za ngazi (zilizopimwa kwa kiwango cha msomaji), si kwa Kappa. Nako kuna hesabu yake. Hu na Nation (2000) walipendekeza msomaji ajue karibu 98% ya maneno ili asome bila kusaidiwa. Ukurasa wa maneno 200 usizidi maneno 4 mageni. Jaribu: mpe mwanafunzi ukurasa, apige mstari chini ya asiyoyajua. Yakifika 12, hujaandika hadithi ya S.1, umeandika mtihani.

Pa kuanzia bila mtaji: African Storybook, tovuti ya hadithi za watoto, unaweka hadithi yako kwa leseni huria, mwenzako anaitafsiri kwa Luganda au Lugbara. Ukitaka kitabu cha karatasi, ISBN inatoka Maktaba ya Taifa, nambari zetu huanza na 978-9970 au 978-9913. Kiada cha shule kinahitaji kupitishwa na NCDC, kituo cha taifa cha mitaala, na hapo ndipo subira inapopimwa.

Soma pia mkataba wako wa kazi. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2006, ulichoandika kama sehemu ya ajira kinaweza kuwa mali ya mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Noti ulizoandaa kwa agizo la shule si sawa na hadithi uliyotunga likizo.

#30 Mkaguzi_Mstaafu
Kitabu cha hadithi si utafiti.

#31 Msanii_wa_Kiada
Ashton alikuwa akifundisha Kiswahili London, kwenye chuo cha SOAS, na sarufi yake ya 1944 imepangwa kwa visomo na mazoezi, tena bado inanukuliwa na wanaisimu. Mwaka 1954 ikaja sarufi ya Luganda, pamoja na Mulira, Ndawula na Tucker. Sarufi hizo zilikuwa za kujifunzia kwanza. Mpaka unaouchora ni wa kamati za kupandisha vyeo.

#32 Mkaguzi_Mstaafu
Na kamati za kupandisha vyeo ndizo zinazolipa. Tumbo, nimesema tangu #2.

#33 Kalamu_Nyekundu
Nimeleta uzi wa nakala za insha, sasa tuko London. Nakubali nakala peke yake haitoshi. Sijakubali kuhusu tumbo: walimu wa sayansi wanaolipwa milioni 4 nao makala zao za darasani ziko wapi?

#34 Bombo_Road
😂😂 Hilo lifungulie uzi wake.

#35 Kijana_wa_Arua
Wakuu, nimeandaa zoezi la picha la #15: mbwa, kifaru, kitabu, nyumba, umoja na wingi, sentensi 8. Bado sijampa mtu yeyote, nasubiri kamati.

#36 Takwimu_Tamu
Sentensi 8 ni chache, mwanafunzi atakisia. Weka majina manne kwa kila aina, upate 32, uchanganye na nyingine 16 zisizohusu ngeli ili asigundue unachotafuta. Mpangilio A na mpangilio B, wanaokaa dawati moja wasiwe na karatasi sawa.

#37 Shangazi_Sarufi
Na kifaru umtoe. Watoto wengi wa S.1 hawalijui neno, watauliza, wewe utajibu "kifaru ni mnyama ambaye ana...", na upatanisho umeshawapa. Weka kiboko.

#38 Ngeli_ya_Tisa
Kiboko pia ni fimbo. "Kiboko kinaanguka" itakuwa sahihi.

#39 Shangazi_Sarufi
Kwenye picha?

#40 Ngeli_ya_Tisa
Inategemea shule 😀